Mchanga Katika Ndagala

Baada ya wazazi kufa niliacha shule, tukaanza biashara ya ndagala, dagaa wa ziwa letu: mdogo wangu wa kiume alivua ziwani Baraka, wa kike alianika, mimi nilipandisha magunia mlimani Fizi. Siku moja mpishi wa shule, mnunuzi wetu mkubwa, alinirudishia gunia. "Iko muchanga. Ukileta tena hivi, basi."

Nyumbani walilaumiana.

"Ye anaanika mu muchanga!"

"We ndiye unazimwaga mu muchanga!"

Sikumhukumu yeyote. Nilipika ndagala zile bila kuziosha, nikawapa. Walitafuna, meno yakikwaruza.

"Yaya, hii ndiyo tunauzisha bantu?" mvuvi wetu akaniuliza mimi, mkubwa wao.

Kesho yake walikata pamoja majani ya kuanikia. Safari iliyofuata tulipanda watatu. Mpishi alitafuna polepole, tukimtazama mdomo, kisha akafungua mlango wa ghala.