Gari Dogo Nyuma ya Karavani

Mwenzangu alitaka Ijumaa moja tu. Nianzie hapo, maana bila Ijumaa hiyo nisingejifunza kukokota gari maisha yangu yote.

Tulikuwa madereva wawili katika nyumba moja ya Al Rayyan, nje kidogo ya Doha. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilikuwa nimeizoea familia ile miaka mingi. Yeye alikuwa mwanamke wa Nakuru, umri wake sawa na wa binti yangu wa kwanza, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka mabinti wa nyumba shuleni na kuwarudisha kwa gari dogo jeupe la gia za mkono. Alikuwa mfupi. Kiti alikivuta mbele hadi kifua kikakaribia usukani, nami nikamwambia amekaa kama fundi cherehani.

"Afadhali mimi, mzee," alinijibu. "Wewe unalala kwa hicho kiti ka mtu ameenda kinyozi."

Baridi ikiingia, familia huenda kupiga kambi jangwani, kusini ya Al Wakrah. Hutoka Alhamisi mchana na kurudi Jumamosi. Mimi niliendesha karavani, na sisemi ile ya kuvutwa. Yetu ilikuwa na injini yake, vitanda, jiko na choo, kubwa kama basi. Mwenzangu alinifuata na gari dogo, kwa sababu kambini lazima kuwe na gari jepesi la kufuatia mkate, maji na barafu. Huwezi kwenda dukani na nyumba nzima.

Hivyo Ijumaa zake zote za msimu wa baridi ziliishia mchangani. Na Doha, Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, kwa hiyo hata Wakristo wengi husali siku hiyo. Mwenzangu alikuwa mwanakwaya. Aliniambia wenzake walishaacha kumwekea nafasi kwenye mstari. Hilo alilivumilia. Kisha rafiki yake, Mganda anayeishi Al Wukair na mumewe, akajifungua mtoto wa kike na kumwomba awe mama wa ubatizo. Siku ikapangwa: Ijumaa, asubuhi, katikati ya msimu wa kambi.

"Mama wa ubatizo anabeba mtoto, mzee," alinieleza. "Hawezi kutuma voice note."

Ni yeye aliyeona kwenye simu video ya watu waliofunga gari dogo nyuma ya gari lao la kulala, wakasafiri nalo. Akamwonyesha bwana wa nyumba, ambaye sote tulimwita Baba. Baba alipenda vyuma na mitambo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Wiki hiyohiyo alitutuma kwa fundi, vibali akavishughulikia mwenyewe, na gari dogo likapachikwa mkono wa chuma wenye umbo la herufi A, unaoshikana na nyuma ya karavani kwa pini nene. "Mkiliweza," Baba alisema, "Ijumaa hiyo abaki mjini."

Nikueleze kidogo jinsi kazi yenyewe ilivyo, kwa kuwa si ngumu. Gari dogo huenda kwa magurudumu yake manne, bila mtu ndani. Kwa hiyo ni lazima liwe huru kabisa. Gia iwe nyutro. Breki ya mkono iwe chini. Ufunguo ubaki mahali pake, umezungushwa hatua moja, ili usukani usijifunge na magurudumu ya mbele yafuate kila kona. Halafu minyororo miwili ya usalama, na waya wa taa, ili aliye nyuma yako aone ukifunga breki. Na usirudi nyuma kamwe, maana magurudumu ya mbele yatajipinda upande. Basi.

Jumanne ya wiki ya ubatizo, baada ya watoto kutoka shule, tulikwenda kwenye uwanja mtupu wa changarawe karibu na Al Wukair kufanya majaribio. Nilimwachia afunge yeye. Nami nikafanya ninachokipenda mno: nikaeleza. Nilieleza kwa nini minyororo ipishane chini ya mkono wa chuma. Nilieleza kwa nini isiwe mirefu hadi kugusa ardhi. Alikuwa akiitikia "sawa mzee, sawa mzee," huku akifanya kila kitu kwa mpangilio. Mwisho akainama ndani ya gari dogo, akatoka, akafunga mlango, akanionyesha dole gumba.

Niliondoa karavani. Ilikwenda vizuri, nzito na tulivu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: gari kubwa halihisi lililo nyuma yake. Nilikwenda labda hatua mia mbili, nikijisifu, ndipo nikamwona kwenye kioo akikimbia na kupunga mikono yote miwili.

Nyuma yetu kulikuwa na mifereji miwili kwenye changarawe. Gari dogo halikuwa limeviringika hata kidogo kwa magurudumu ya nyuma. Lilikuwa limeburutwa, na harufu ya mpira ilikuwa kali.

Aliufungua mkono wake. Ufunguo ulikuwa kiganjani.

"Nimevuta handbrake," alisema taratibu. "Nimetoa na ufunguo. Mzee, sikujua nimefanya."

Nilimwamini, kwa sababu ningefanya vilevile. Katika nyumba ile tulifundishwa jambo moja tangu siku ya kwanza: ukishuka garini, hata kwa dakika moja, vuta breki, chukua ufunguo, maana kuna watoto. Mwenzangu alikuwa dereva makini. Umakini wake ndio ulioyafunga magurudumu.

Jioni Baba aliinama akaangalia matairi. Hakupandisha sauti. Alisema matairi ya nyuma yabadilishwe na Ijumaa mambo yawe kama kawaida, binti aje kambini. Mwenzangu aliitikia, akaenda kusimama karibu na bomba la bustani kana kwamba ana kitu cha kuosha.

Nikamwambia Baba kosa lilikuwa la wawili, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na sikukagua. Nikamwomba Alhamisi moja. Alifikiri, akasema: "Alhamisi moja. Gari likisumbua kidogo tu, nampigia simu, kesho yake alfajiri awe kambini."

Jumatano tulifanya mazoezi uani mara sita. Mwenzangu alikuja na kanuni yake mpya.

"Leo mzee, wewe unanyamaza."

"Nikunyamazie namna gani na mimi ndiye mwalimu?"

"Hapo ndipo shida. Ukiongea mimi naitikia. Nikiitikia sifikirii. Sasa mimi ndiye ntauliza, wewe unashika kitu kwa mkono, ndio unanijibu."

Akawa anauliza, "Gia?" Nashika gia, nasema nyutro. "Breki?" Naishika, nasema iko chini. Mpini wa breki aliufunga utepe wa zambarau wa sare ya kwaya, ili mkono ukienda pale kwa mazoea ukutane na kitu kigeni. Sijawahi kusema maneno machache hivyo katika kufundisha, na sijawahi kufundisha vizuri hivyo.

Alhamisi tulifunga gari pamoja, akasimama getini hadi tukapotea. Njia nzima nilikuwa nikitazama kamera ya nyuma. Gari dogo lilifuata kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani.

Tatizo lilikuja tulipofika. Nilikata kona kidogo ili karavani ikae sambamba na mahema, nikasimama. Magari mawili yakawa yamekaa kwa pembe kama kiwiko, gari dogo likivuta upande, na pini haikutoka. Nilipiga magoti, nikaivuta, nikaigonga kwa nyundo. Ilikuwa imebanwa. Mazoezi yetu yote tulifanya uani, kwenye sakafu iliyonyooka. Mchangani, kwa pembe, hatukuwahi kujaribu.

Baba alikuja akasimama juu yangu na kanzu yake nyeupe. Simu ilikuwa tayari mkononi.

"Limesumbua," alisema.

"Nipe dakika tano, Baba."

Sikuzitumia kugonga. Nilikaa mchangani nikaitazama ile pini. Haikuwa imeharibika, ilikuwa imebeba uzito. Anayebeba mzigo humwambii aachie, unampunguzia kwanza. Gari dogo likisogea mbele kiasi cha kiganja, pini italegea. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa ndani ya gari na chini ya chuma kwa wakati mmoja.

"Baba," nikasema, "nahitaji mtu wa kukaa kwenye usukani. Mwenzangu hayupo."

Alinitazama. Kisha akatia simu mfukoni, akafungua mlango wa gari dogo na kuanza kuingia.

Baba ni mtu mkubwa. Magoti yake yaligonga usukani, kanzu ikanasa, na kidevu kikawa karibu na kioo. "Huyu binti anaendeshaje?" aliuliza kutoka humo ndani. "Amekaa juu ya injini?" Alitafuta mahali pa kusukumia kiti, hakupaona, akaacha. Akawasha gari. Nikamwambia atie gia ya kwanza, aachie klachi polepole, nikiinua mkono asimame.

"Shwai, Baba. Shwai shwai, polepole."

Gari likasogea kiganja kimoja. Nikavuta pini kwa vidole viwili, ikatoka kama jino la maziwa.

Baba alizima gari, akavuta breki ya mkono kwa mazoea, akakutana na utepe wa zambarau. Akauliza ni nini. Nikamweleza, kwa kirefu, kama kawaida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado amekunjika mle ndani.

"Kumbe hii ni kazi ya watu wawili," alisema.

"Ndiyo. Wiki hii mwenzangu ni wewe."

Alicheka, na simu haikutoka mfukoni.

Asubuhi ya Ijumaa nilitumwa mkate. Nilikuwa natoka dukani picha ilipoingia kwenye simu: mwenzangu amevaa gauni la zambarau, mtoto mikononi, kofia nyeupe imemfunika macho. Chini ameandika, "Amelia hadi akanyamazia kwangu. Gari?"

Nikamjibu gari ni zima.

Nilikuwa nimekisukuma kiti cha gari dogo nyuma ili magoti yangu yapate pa kukaa. Jumamosi, tulipoingia Al Rayyan na kulifungua gari dogo kutoka kwenye karavani, nilikirudisha mbele hadi mwisho, karibu kabisa na usukani, kisha nikampelekea ufunguo.