Kidole Gumba cha Mlinzi

Karani wa jengo lile la ghorofa pale Nyanchwa hulamba kidole kabla ya kufungua kila ukurasa, na sauti yake haipandi hata akiulizwa kwa ukali. Mchana huo Drusilla, mmiliki wa nyumba moja orofa ya tatu, alikuja kukagua daftari la ada ya huduma. Maji yalikuwa sawa, taka sawa, taa za ngazi sawa. Alipofika kwenye mshahara wa mlinzi akaurudia ukurasa kutoka juu. Mlinzi alizikwa kwao Gesima mwezi wa nne, na Drusilla mwenyewe alichanga. Lakini mwezi wa tano, wa sita na wa saba, alama ya kidole gumba ya kupokea mshahara ilikuwepo, imekatwa katikati na lile kovu la panga ambalo mlinzi alilipata zamani akipogoa chai.

"Nani anaweka kidole hapa?" aliuliza, akimtazama karani vidole. Vilikuwa safi, bila kovu.

Karani alifungua kikopo cha wino kama afanyavyo kila mwisho wa mwezi, akakisogeza mbele ya kiti kitupu, akakipangusa kiti vumbi.

"Ngoja kidogo, mama. Huwa anafunga geti kwanza."

Huko nje geti likalia polepole, kisha komeo likaanguka mahali pake.