Mapovu Kwenye Rejeta ya Mtani

Watu watakwambia mizimu hutoka usiku. Wangu alikuja saa saba mchana, jua la Mikese likiwa utosini, malori yanapita, na mimi sijanywa hata soda. Ukitaka, cheka. Mke wangu naye alicheka, akaacha siku aliponiona nimeshindwa kumaliza sahani ya wali. Lakini niamini kwa hili moja: hakuna mtu anayetunga uongo wa kujivua nguo mwenyewe.

Mimi ni fundi magari hapa Morogoro mjini, Mnyamwezi wa Tabora. Waluguru ni watani zetu tangu enzi za mababu, na mtani wangu mkubwa alikuwa Mzee Mkude, mkulima wa kabichi na karoti huko milimani Uluguru. Alikuwa na pikapu kuukuu, ndiyo iliyoshusha mboga za kijiji kizima sokoni, na wagonjwa pia. Akifika gereji hatukusalimiana kama watu wazima. Yeye ataniuliza mzigo wa mababu zangu wapagazi nimeuacha wapi, nami nitamuuliza Waluguru walipanda mlimani wakimkimbia nani.

Siku hiyo alikuja asubuhi, pikapu inachemsha.

"Mtani, inakunywa maji kuliko ng'ombe," alisema. "Na chini hapadondoki hata tone."

Hebu fikiri na wewe. Maji yanapungua, chini pakavu. Fundi makini hapo angeshtuka. Mimi nilikuwa nimeshapaza sauti mbele ya mafundi wenzangu, kabla hata ya kufungua boneti, kwamba ni mfuniko wa rejeta tu umelegea, maji yanatoka kama mvuke, kazi ya dakika tano. Nikaongeza na kichekesho juu ya Waluguru na mifuniko ya vyungu, wakacheka sana. Nilipenda mno watu wacheke kwa maneno yangu.

Injini ilipopoa nikafungua mfuniko, nikamwambia awashe. Maji yakaanza kutoa mapovu, madogo madogo, mfululizo, kama uji unaoanza kuiva. Nikachomoa stiki ya oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna fumbo. Gasketi ya silinda hedi imeungua, moshi wa injini unaingia kwenye maji na maji yanaingia kwenye oili. Ni kazi ya kushusha hedi, siku mbili au tatu, na gari la hivyo halitakiwi kutoka gereji, sembuse kupanda mlima.

Nikafuta stiki kwa kitambaa, nikairudisha. Nikafunga mfuniko mpya. Wenzangu walikuwa wananitazama, na kusema "nilikosea" kulinishinda. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine kwa miaka miwili, sijaipata.

Mzee akaniangalia. "Mtani, bila utani. Nipande?"

Sisi watani tuna neno hilo moja la kusimamisha mchezo. Mtu akikwambia bila utani, unafuta kicheko, unasema kweli, hata kama jana ulimtania mbele ya jeneza la baba yake. Mimi nilimgonga bega, nikasema, "Panda bwana! Ukifia njiani nitakuja kula ubwabwa wa msiba wako."

Gereji nzima ikacheka. Naye akacheka, akaondoka.

Ilichemka kwenye mwinuko, injini ikazimika, pikapu ikarudi kinyumenyume hadi korongoni. Alikuwa peke yake. Watu walisema breki zimefeli, nami nikaitikia kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Lakini nilijua kwamba injini ikizimika, pedali ya breki huwa ngumu kama jiwe. Msibani watani ndio tunaotakiwa, kuwachekesha wafiwa, kuwafichia sufuria, kuwasahaulisha kidogo. Nilituma salamu kwamba nina malaria. Nikajifungia ndani siku tatu, na sikuwa na hata mafua.

Sasa twende Mikese, kwenye barabara ya Dar. Miezi michache baadaye nilikuwa natoka Dar na gari langu dogo, ambalo nililikagua mwenyewe kabla ya safari. Ghafla mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga. Kwa hasira nikashika kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta, jambo ninalomkataza kila mteja.

"Acha ipoe, mtani. Utaungua uso."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa injini, ndoo ya maji mkononi, na zile buti zake za mvua zimejaa udongo mwekundu mbichi. Mikese siku hiyo ilikuwa vumbi tupu. Nilitaka kukimbia. Nikajikuta nasema, "Shikamoo, mzee." Katika miaka yote sikuwahi kumwamkia hivyo.

"Kagua," alisema.

Nikakagua. Wewe ungefanya nini? Nikapapasa hozi ya juu na ya chini, kavu. Nikainama kuangalia pampu ya maji, kavu. Nikatandika boksi chini ya injini, tukasubiri, yeye na mimi, na boksi halikupata hata tone. Basi likapita, kondakta akanipungia mkono mimi peke yangu. Injini ilipopoa nikafungua mfuniko, yeye akamimina maji taratibu, nikawasha.

Mapovu. Madogo madogo, mfululizo.

"Nini hicho, fundi?"

"Mfuniko," nilisema. Unasikia? Mchana kweupe, mbele ya marehemu, ulimi wangu bado ulikimbilia mfuniko.

"Bila utani."

Hapo nikalia. Nikamwambia ni gasketi, na kwamba niliona siku ileile, niliona mapovu, niliona na oili, nikafuta stiki. Nilisema kwa sauti kando ya barabara kuu kama mwendawazimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira usoni mwake, na heri ningeiona.

"Ubwabwa wako umepoa, mtani," alisema. Akachukua ndoo yake, akaingia kwenye majani marefu. Majani hayakutikisika.

Gari likanifikisha Morogoro bila kuchemka. Kesho yake nikashusha hedi. Gasketi ilikuwa nzima, haina hata alama.

Jumapili nikapanda mlimani kwa mjane wake, Mama Fransiska, nikiwa na nia ya kumwambia kila kitu. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka misa. Aliponiona akapiga makofi.

"Huyooo! Mla ubwabwa kaja!"

Nikashtuka, amejuaje? Akaniambia mzee alimpigia simu kabla hajaanza kupanda. "Alikuwa anacheka, mwanangu. Kasema mtani amelitengeneza gari, na kwamba yeye akifa utakuja kula ubwabwa wake. Basi siku ya msiba nikakutengea sahani ya wali. Nikaifunika hadi asubuhi. Pole na malaria yako."

Hakunisuta. Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na mimi nikaona aibu ambayo sijui nikueleze vipi. Nilichopandia mlima kukisema sikukisema. Akaniwekea wali na maharage, wali umetoka jikoni sasa hivi, unafuka. Nikatia tonge mdomoni. Lilikuwa baridi, baridi ya kiporo. Nikamtazama Mama Fransiska, naye alikuwa anapuliza tonge lake lisimuunguze. Nikala wote, nikashukuru, nikashuka mlima.

Tangu siku ile, wali wowote ninaokula, hata uwe umetoka motoni, mdomoni mwangu ni baridi. Ugali ni wa moto, chai ni ya moto, wali hapana. Dawa yake naijua, iko kwa Mama Fransiska, na ni sentensi moja tu ya kumwambia. Nimepanda mara nne. Mara zote nne nimekula, nikashuka.

Basi wewe mwenye gari la zamani, ukiona maji yanapungua na chini pakavu, usikubali fundi akuchekeshe. Muulize bila utani, na mtazame mikono, anafuta nini. Na wewe fundi mwenzangu, ukiona mapovu sema ni mapovu, hata kama umeshawatangazia watu kwamba ni mfuniko. Aibu yake ni ya dakika tano. Mimi yangu bado naila, na haipati moto.