Chumba cha Mama Ghorofani

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu Idrisa, maana ndiyo siku niliyomwona bibi yako akimnyamazisha baba yako bila kupandisha sauti. Wewe ulikuwa bado mchanga, umelala juu ya zulia la maua ambalo nililichukia tangu siku ya kwanza. Nyumba ni hii hii tuliyomo, ya chini, hapa Hounslow karibu na uwanja wa ndege, na ndege zilikuwa zikipita juu ya paa chini chini hivi hivi unavyozisikia.

Tuliinunua kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa humu tangu ujana wake, naye hakuwa amegusa kitu. Bafu lilikuwa nyuma kabisa, ukitoka kuoga unakatiza jikoni unatetemeka. Ukungu wa chumba cha nyuma niliusugua leo, kesho umerudi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa kijana mwenye matao. Fundi akimwambia nyumba inahitaji ukarabati, yeye hujibu kwamba kuikarabati ni sawa na kumpaka wanja maiti. Alitaka kuibomoa yote ajenge ghorofa. Nami nilimuunga mkono, tena kwa moyo mmoja. Nani asiyependa kipya?

Bibi yako alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi baada ya babu yako kufariki. Magoti yalimsumbua. Tukipanda naye ngazi za stesheni ya treni, tulikuwa tukisimama katikati tukijifanya tunasoma matangazo ya ukutani, ili apumzike bila kuona haya. Hilo tulilijua vizuri. Na bado, tulipokwenda kwa mchora ramani, tulimchorea Mama chumba kizuri kuliko vyote: ghorofani, chenye dirisha pana na choo chake mwenyewe. Hatukumwambia neno. Sisi tuliovuka maji tuna ugonjwa huo, mwanangu. Tukitaka kuwaheshimu wazazi tunawafichaficha mambo, tukitaraji siku moja washtuke kwa furaha. Wangapi hapa Landani wamewajengea mama zao majumba huko nyumbani, na mama akaendelea kulala chumba cha uani, kwa kuwa huko ndiko liliko jiko lake na ndiko majirani wanakomkuta?

Basi Jumamosi hiyo baba yako akaitandaza ramani sakafuni. Bibi yako alikuwa ameketi juu ya mbuzi yake, anakuna nazi karibu na mlango wa jiko. Mbuzi hiyo aliibeba kwenye sanduku lake toka Tanga, na uwanja wa ndege waliigeuza na kuigeuza wasijue ni silaha au ni kiti. Pale mlangoni ndipo palipokuwa ikulu yake. Aliona sufuria, alimwona mtoto, na mtu akiingia mlango wa mbele yeye humsikia kabla yangu.

"Hapa ni jiko, Mama," baba yako akamwonyesha. "Hakuna kuta tena. Jiko na sebule ni kitu kimoja. Na hiki huku juu ndicho chumba chako."

Bibi yako akafuta mikono kwenye kanga, akainama kuitazama.

"Kizuri," akasema. "Nitashuka mara ngapi kwa siku?"

Baba yako akacheka. "Kwani ushuke kufanya nini? Hata chai tutakuletea huko huko."

"Anayeletewa chai kitandani ni mgonjwa, Omari. Mimi sijaugua." Kisha akanigeukia mimi, mkaza mwana wake niliyekuwa nimejikausha pembeni. "Na wewe, Mama Idrisa. Siku ya msiba wanaume utawaweka wapi na wanawake utawaweka wapi, ikiwa nyumba nzima ni chumba kimoja?"

Unajua mwenyewe tulivyo hapa. Mtu akifiwa, hata kama marehemu yuko Tanga, viatu hujaa mlangoni kabla hajamaliza kupiga simu. Wanaume chumba cha mbele na kisomo chao, wanawake chumba cha nyuma na vilio na masufuria. Nyumba hii mbovu ilitubeba sote babu yako alipofariki, nasi hatukuliona hilo. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga.

"Kwa hiyo hutaki tuibomoe?" baba yako akauliza, sauti imemshuka.

"Sijasema hivyo, baba. Nyumba ni matofali, haina haki ya kuwaua watoto wangu kwa baridi. Bomoeni mkipenda. Lakini mmenipangia pa kulala na pa kukaa mpaka kufa kwangu, nami nimo humu humu, nina kinywa. Mngeniuliza."

Machozi yakamlenga, akaendelea kukuna nazi. Nilimpenda siku ile, mwanangu, kuliko siku zote za nyuma.

Hatukubomoa. Tukamwita fundi, akatwambia msingi ni mzima na kuta zina umri mrefu mbele yao. Tukahamisha bafu, tukaung'oa ukuta wenye ukungu na kuujenga upya, zulia la maua nikalitupa kwa mikono yangu mwenyewe. Bibi yako tukampa chumba cha mbele, hatua chache kutoka jikoni. Aliishi humo kwa raha mpaka alipotutoka.

Sasa nikwambie kwa nini nimeyachimbua haya leo. Juzi wewe na mkeo Rehema mlikuwa jikoni mkidhani nimelala. Mlikuwa mkinong'ona Kiingereza chenu cha haraka, mkisahau kwamba nimewauguza Waingereza ujana wangu wote na kunong'ona kwao nakujua. Nikasikia kwamba msingi umetitia. Nikasikia zile nyufa mnazoziba kila mwaka zitarudi kila mwaka, na kwamba fundi amewashauri mjenge upya kabla mtoto hajaja. Wewe ukasema, "Mum siwezi kumwambia. Bibi alifia humu, Dad alifia humu. Tusubiri tu."

Rehema akakuuliza, "Tusubiri nini?"

Nilikaa kitandani nikalijua jibu, mwanangu. Mnasubiri nife. Sikukasirika hata kidogo. Nililia, lakini ni kwa kuona mwanangu amebeba mzigo mzito namna hiyo peke yake kwa ajili ya kunipenda.

Basi sikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, ila ufa wa msingi hauzibiki kwa lipu wala kwa huruma. Msingi ukiwa mzima, karabati, hata kama nyumba imepitwa na wakati. Ya kale mengi yanarekebishika. Msingi ukienda, bomoa, wala usione unamkosea aliyekufa. Baba yako hayumo katika matofali haya. Yumo katika dua zangu, na katika huo ukaidi wako. Lakini kabla ya lolote, kaa chini na watakaoishi humo uwaulize, mkubwa na mdogo, na usidhani jibu unalijua. Mimi, kwa mfano, si bibi yako. Magoti yangu yanapanda ngazi vizuri tu, na chumba kile cha ghorofani chenye dirisha pana nilikitamani mimi tangu kilipochorwa.

Ibomoe, mwanangu. Usinifanye mimi kuwa nguzo ya nyumba inayoanguka, ukamlaza mkeo mjamzito chini ya ufa kwa heshima yangu. Heshima ya namna hiyo siitaki.

Mungu akujaalieni msingi usiotikisika. Awape nyumba yenye joto, yenye wageni wengi na ugomvi mchache. Amjaalie mjukuu wangu aingie kwake kwa mguu wa heri, akute wazazi wanaoambizana mambo kweupe. Na mimi anipe uhai nimwone akitambaa humo. Sasa kamwite Rehema. Mwambie Mama yuko macho.