Msumari wa Meta Kröplin

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile pale gatini Warnemünde, bandari yetu ya Ujerumani, mdomo unabaki wazi. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Meta Kröplin, nikasikia kila neno, na bado sikuamini.

Meta nilimjua tangu tukiwa wasichana. Alikuwa mjane wa mvuvi, mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na breki, na kwa sindano hakuwa na mpinzani. Tulishona matanga mpaka matanga yakakosa wanunuzi, ndipo sote wawili tukaingia kiwanda cha ndege za majini. Kazi yetu ikawa kushona kitambaa cha mabawa na kukipaka ile dawa ya kukikaza, ambayo harufu yake ilitulewesha kabla ya chakula cha mchana. Mwanawe wa pekee, Jochen, alikuwa fundi mitambo humo humo.

Kisha ikaundwa ile ndege kubwa. Ilikuwa moja tu, haina pacha duniani: injini mbili, miguu miwili mipana kama mashua, na tumbo la kubebea mafuta ya kuvuka Atlantiki. Miaka ile gazeti lilikuletea picha ya vijana wanaotabasamu kando ya ndege yao, halafu usisikie habari zao tena. Jochen akachaguliwa kwenda. Meta hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mhandisi mkuu, Bwana Wendhausen.

"Msumari wenu uko wapi?"

"Msumari gani, mama?"

Kwetu chombo kipya hakishushwi majini bila msumari wa chuma uliong'olewa kwenye chombo kizee kilichokuwa kikirudi nyumbani siku zote. Unapigiliwa karibu na mshika usukani. Meta alikuwa nao mmoja, mrefu kama kiganja, wa boti ya marehemu mumewe. Mume huyo alifia kitandani kwake, na si wavuvi wengi wa kwetu waliopata bahati hiyo.

Wendhausen alicheka hadi akavua miwani. "Mama Kröplin, hii ni ndege, si beseni la samaki wa chumvi. Hebu rudi kwenye sindano yako."

"Haya, tutaona beseni lako kama litaelea!"

Akatolewa nje. Baadaye waliizungusha ndege kwenye sakafu ya saruji, kidogo kidogo, wakirekebisha dira, na sisi wanawake tukaamriwa tukae mbali na mikasi yetu. Kwa nini, hakuna aliyejisumbua kutuambia. Tulidhani wanaogopa tutakwaruza rangi yao. Asubuhi ya safari kitambaa cha ndani, pale mbele ya rubani, kikaonekana kimechanika, na Meta akaitwa akishone. Alirudi uso umemchangamka.

"Shoga, kulikoni?"

"Nimeshona vizuri," akasema.

Waliondoka watatu: rubani, Jochen, na msoma dira, Edgar Brandis, mtu mpole kutoka Hamburg aliyekuwa akila peke yake. Mpaka Norway walifuata pwani, mambo shwari. Kutoka huko wakapaa kuelekea Iceland, bahari tupu mbele yao. Kisha kimya.

Mji mzima ulikufa ganzi. Mimi chakula kilinishinda. Meta je? Alifua shuka za Jochen, akazianika.

"Wewe Meta, una moyo gani?" nikamfokea. "Mwanao yuko baharini, huna hata chozi!"

"Chozi la nini? Jochen anarudi. Weka maji ya kahawa, acha kunililia jikoni."

Na kweli wakapatikana. Meli ya wavuvi iliwakuta wakielea, mafuta yameisha, mbali mno kusini mwa njia yao, mahali ambapo hawakuwa na sababu yoyote ya kuwapo. Walipokwisha kuopolewa, wimbi likaipindua ndege, ikazama. Magazeti yakamrukia Brandis. Mlevi huyo, yaliandika, hajui kaskazini ni wapi. Hata Jochen, amelazwa Norway na vidole vya miguu vimekatwa kwa baridi, aliwaambia waandishi, "Mimi nilishika injini. Muulizeni mlevi wenu aliyeshika dira."

Siku ya kurudi bendi ilipiga, watu wakajaa gatini. Jochen alishushwa amebebwa. Brandis alishuka wa mwisho na sanduku lake, wakamzomea. Nami nilizomea. Meta alimkumbatia mwanawe, kisha akamgeukia Wendhausen, kifua mbele.

"Haya, cheka sasa! Unajua kilichomrudisha mwanangu? Msumari!"

"Msumari upi?"

"Wa mume wangu. Niliushonea ndani asubuhi ile."

"Ndani wapi?"

"Nyuma ya kitambaa, ubavuni mwa dira yenu. Karibu na usukani, panapostahili."

Nilimwona Wendhausen akipauka mpaka midomo. Bendi bado ilikuwa inapiga.

"Mama," akasema polepole, "dira hufuata chuma."

Nikamshika Meta mkono, sijui nani alikuwa akimshikilia mwenzake. Mungu wangu! Sindano ile ile iliyotulisha ndiyo nusura iwaue wale watu. Brandis alikuwa ameketi juu ya sanduku lake.

"Nilipiga hesabu tena na tena," alisema, wala hakuwa akimwambia mtu. "Nilidhani nimerukwa na akili."

Jochen alimtazama mama yake. "Mama, nilimwita mlevi. Mbele ya dunia nzima."

Meta alimwendea Brandis, akamwinua, akalibeba sanduku lake, na umati ukawapisha.

Nyumbani kwa Meta sahani ya kwanza ilikuwa siku zote ya mwanamume wa nyumba akitoka baharini, zamani mumewe, kisha Jochen. Jochen alikaa kwenye kiti cha baba yake, miguu imefungwa bandeji, akanyoosha mkono kuipokea. Meta akampita. Akaiweka mbele ya Brandis.

"Kula, mwanangu," akasema. "Hesabu zako zilikuwa sawa."