Nilishusha Ada, Shemeji Akashusha na Nguzo

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje, maana Kariakoo watu wanajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina mume na mtoto mmoja. Ni mhandisi wa majengo, kazi yangu hasa ni misingi ya maghorofa. Nimeyaleta kwenu kwa sababu wote ambao ningewaeleza ndio wahusika wenyewe.

Kaka mkubwa wa mume wangu anauza vitenge kwa jumla. Alivunja nyumba ya familia, upande wa kuelekea Gerezani, ajenge ghorofa nane, akaniita nimchoree msingi. Nilifurahi mno, nikajiona sasa nimekubalika ukweni. Udongo ulipopimwa tukakuta mchanga na maji ya karibu, nikachora nguzo ndefu za kuzamishwa ardhini. Ada yangu nikaiweka kama wengi wetu tunavyoiweka, asilimia ya gharama ya msingi.

Hapo ndipo nilipojichongea. Shemeji aliniita dukani, akaongea mbele ya wateja.

"Shem, kwa hiyo nguzo zikirefuka na wewe unanenepa? Mimi nimekulia sokoni bwana, usinifanye mshamba."

Iliniuma sana. Nikataka ajue sina njaa hiyo. Nikamjibu, "Basi shemeji, ada niondolee kabisa. Nachora bure, ila nguzo zisiguswe."

Akacheka mpaka akashika meza. "Mmeona? Kumbe ilikuwa inashuka! Basi na nguzo zitashuka tu."

Nilisahau naongea na mtu wa Kariakoo. Kwake yeye, anayeshusha bei haraka ndiye aliyekuwa anampiga. Ningeng'ang'ania ada yangu labda angeniamini. Akampata mhandisi mwingine wa bei ya kutupa, akamchorea msingi wa juujuu. Nilipomlalamikia mume wangu akasema, "Kazi umeikosa, sasa unataka kumharibia kaka?"

Jengo sasa liko ghorofa ya sita, na kama kawaida ya hapa, frem za maduka za chini zina wapangaji wakati juu zege bado linamwagwa. Frem ya pembeni amepewa mama mkwe. Mama huyu ananipenda jamani. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda na kunipikia mtori. Mwanangu nimemkataza kwenda pale, na mama ananiuliza amenikosea nini. Najionea aibu, maana wangu nimemtoa na yeye nimemwacha.

Mwezi uliopita mlango wake wa chuma ulianza kusugua sakafu, fundi akaukata chini kwa grenda. Nilipoenda kuangalia nikakuta ufa kwenye nguzo ya pembeni. Nilimsihi shemeji aondoe watu, akasema hiyo ni plasta tu. Nikamwambia mama ahame. Akanishika mkono, akasema kwa upole, "Mwanangu, shemeji yako aliniambia utasema hivi. Hayo mambo yenu ya malipo msiniingize mimi."

Nilimwambia mume wangu nakwenda kuripoti serikalini. Hakupandisha hata sauti. "Hii nyumba tunayolala ndiyo dhamana ya mkopo wa lile jengo. Ukienda huko, usirudi hapa."

Tangu hapo sina usingizi. Nikisikia kishindo chochote naanza kumpigia mama simu, akipokea namuuliza tu biashara inaendaje.

Leo asubuhi kapiga yeye. "Mwanangu, ule mlango umeanza tena kusugua. Mafundi wa siku hizi hawajui kupima. Nitafutie mwingine kesho aje aukate tena."

Nimeitikia, "Sawa mama."

Ndugu zangu, mlango haurefuki. Nikiripoti, ndoa na nyumba vimekwenda, na mama atanichukia. Nikinyamaza, ninyi wenyewe mnajua. Nitukaneni mkitaka, ila nishaurini nifanye nini, na msichelewe.