Siku Niliyoteka Gesi kwa Ndoo

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na wanangu wenyewe waliisikia kwa watu, kwa hiyo bora niwaambieni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, mtaalamu wa miti, pale Lushoto. Alikuwa na mashua ya injini Tanga, na siku moja akawaalika wazee saba wa kamati ya kijiji chetu wakaione bahari (wengi wao walikuwa hawajapita Mombo, hapo chini ya mlima), akanichukua na mimi nikawapikie chai humo humo ndani ya mashua. Asubuhi tukiwa bado tumefunga gatini, nahodha, Mzee Bakari, akanionyesha jiko dogo la gesi chini kwenye chumba akaniuliza, "Binti, hili unalijua?"

"Nalijua," nikasema. Nililowahi kuliona lilikuwa moja tu, kule misheni Mlalo, tena kupitia dirishani.

Basi nikafungua gesi kwanza ndipo nikatafuta kiberiti, na kiberiti kilikuwa kimelowa unyevu wa bahari, njiti tatu zikavunjika, nikapanda juu kuazima kingine, na huko juu ndipo wazee walikuwa wanaingia, na ninyi mnajua kwetu huwezi kumpita mzee bila shikamoo, nikawaamkia mmoja mmoja, wote saba, na kila mmoja akataka habari za mama na za mahindi ya shamba la Kwai, na gesi huko chini inatoka tu.

Niliporudi na kiberiti cha Mzee Shemboza, mwenyekiti wetu, nikasikia harufu kama ya kitunguu kilichooza. Nikadhani ndivyo bahari inavyonuka. Cha ajabu, nikiinama inazidi, nikisimama inapungua, nami nikainama na kusimama mara tatu kuchunguza, halafu nikatoa njiti.

Mkono wa Mzee Bakari ukanishika kifundo cha mkono. "Usiwashe," akasema taratibu.

Akakichukua kiberiti, akafunga koki ya jiko, akapanda kufunga mtungi uliokuwa nje, akawaomba wazee wazime sigara na warudi gatini, akakataza mtu yeyote asiguse injini. Kisha akafungua vifuniko na madirisha yote, akang'oa mbao za sakafu na kunipa ndoo. "Teka."

"Niteke nini, babu?"

"Gesi. Hii ni nzito kuliko hewa, inashuka kama maji na kulala ngamani, chini kabisa. Huko ikikutana na cheche moja, mashua hii hatuioni tena."

Nikateka. Nachota chini pasipo na kitu, namwaga baharini kitu kisichoonekana, na gati lote limejaa watu wanatazama. Mzee Shemboza akaniuliza kwa Kishambaa kama nimerogwa. Nami (hapa mtanicheka) nilikuwa nainusa kila ndoo, maana nilitaka kujua kama kweli nimeipata.

Yule Mzungu alipofika akamgeukia nahodha kwa hasira, akitaka kujua kwa nini jiko liliachwa wazi. Mzee Bakari hakunitaja, akainama kurudisha mbao za sakafu. Kule kunificha kulinichoma kuliko kicheko cha gati zima.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisema nalijua, silijui."

Wazee walikula viazi vitamu kwa maji baridi, na mimi nikakaa na Mzee Bakari adhuhuri nzima nikimuuliza maswali: njiti iwake kwanza ndipo ufungue, usiondoke moto ukiwa haujashika, ukimaliza unafunga mtungi, siyo koki tu.

Lushoto sokoni waliniita Mteka Hewa mpaka nilipoolewa. Nimekubali. Ila niliapa siku ile, na sijavunja: nisichokijua nasema sikijui, hata kama wazee saba wamekaa wanasubiri chai.